Dhiki ya wazazi utotoni na uzazi wa watoto wao: wa Nyanda za Juu Kusini tuliongee hili bila kuumizana

Mkunga_Rungwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ugonile kwa ndugu wa Rungwe na Kyela, kamwene kwa Wanyalukolo wote.

Mimi ni mkunga kwenye kituo cha afya huku Rungwe. Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, eti wanasayansi wamethibitisha kwamba mwanamke ambaye mama yake au bibi yake aliteseka utotoni hawezi kuzaa. Umeshawafikia hadi akina mama wakwe. Juzi kaja binti na mama mkwe wake. Namuuliza binti, anajibu mama. Alivunja ungo lini? Mama. Amewahi kutibiwa maambukizi? Mama. Mwisho yule mama akainama mezani kwangu, akasema kwa sauti ambayo binti aliisikia vizuri tu: "Huyu kalelewa na bibi, wazazi walikufa mapema, na mama yake naye alikula shida hivyo hivyo. Si ndiyo maana?" Binti alikuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga yake.

Naandika kwa sababu ndani ya ujumbe ule kuna chembe ya kweli, na kwa mikoa yetu chembe hiyo ni nzito. Ila imegeuzwa fimbo ya kuwachapia mabinti.

Tuanze na mayai. Mtoto wa kike hasubiri kuvunja ungo ndipo atengeneze mayai, anayatengeneza akiwa tumboni mwa mama yake. Mimba ikifika wiki ya 20 hivi, tayari anayo kama milioni 6 hadi 7. Akizaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2, akivunja ungo yamebaki kama laki 3 au 4, na yatakayopevuka na kutoka maishani mwake mwote hayazidi sana 400 au 500. Kwa hiyo bibi yako alipokuwa na mimba ya mama yako, yai lililokuja kuwa wewe lilikuwa tayari mle ndani. Njaa iliyompata bibi, malaria, kipigo, msiba, vyote vilipita kwenye mwili mmoja uliobeba mtoto na mwanzo wa mjukuu.

Kwa mwanaume ni habari nyingine. Mbegu zinatengenezwa upya tangu balehe hadi uzeeni, na mbegu inachukua kama miezi 2 na nusu kukamilika. Pia haibebi jeni peke yake. Inabeba vipande vidogo vya RNA, molekuli zinazosaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi itulie, na vipande hivyo vinabadilika kufuatana na maisha ya mwenye mbegu. Zürich, Uswisi, timu ya Isabelle Mansuy iliwatenganisha watoto wa panya na mama zao kwa saa kadhaa kila siku, bila ratiba inayotabirika, na mama mwenyewe akisumbuliwa. Madume yale yalipokua na kuzalisha, watoto wao walionyesha tofauti za tabia na za namna mwili unavyotumia sukari, ingawa wao hawakutenganishwa na mtu. Mwaka 2014 wakaeleza kwamba wakichukua RNA ya mbegu za baba aliyeteseka na kuiingiza kwenye yai lililorutubishwa la panya wa kawaida, sehemu ya mabadiliko hayo inajitokeza kwa mtoto.

Shida inaingiaje mwilini? Hofu au njaa ikikaa muda mrefu, homoni ya msongo, kortiso, inabaki juu, na ubongo unapunguza amri zake kwa ovari na korodani. Ndiyo maana mwanamke mwenye njaa kali au msongo mzito anaweza kukaa miezi bila kuona siku zake. Kwa mjamzito, kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya kortiso ya mama kabla haijamfikia mtoto. Kwa panya waliolishwa protini kidogo, ulinzi huo umeonekana kupungua.

Na si panya wa maabara tu. Amboseli, Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, nyani wa porini wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1971, kazi iliyoanzishwa na Jeanne na Stuart Altmann. Ukame mkali wa 2009 ulipopiga, majike waliozaliwa miaka ya shida ndio waliopata taabu zaidi ya kushika mimba, na waliozaliwa na mama mwenye cheo kundini walikingika kwa kiasi. Mwaka 2019 ukatoka uchambuzi mwingine wa nyani hao hao ambao ulinikalisha kitako: jike aliyefiwa na mama yake akiwa mdogo, watoto atakaowazaa baadaye wana hatari kubwa zaidi ya kufa kabla ya kukua, hata kama utoto wao wenyewe haukuwa na msiba. Huo si ugumba. Ni ukoo kupungua kwa mlango mwingine.

Kwa binadamu ushahidi unaotajwa sana ni wa Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa nchi, mgao ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Miaka 60 baadaye, watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ile walipimwa pamoja na ndugu zao wa jinsia ile ile. Alama za kikemikali zinazokaa juu ya jeni moja ya ukuaji, IGF2, zilikuwa pungufu kwao. Jeni ni ile ile. Kilichobadilika ni namna inavyowashwa na kuzimwa.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Iringa, Njombe, Rukwa: mikoa inayolisha nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Iringa ni asilimia 57. Njombe na Rukwa wako kwenye 50. Ukitaka kuelewa namba hiyo njoo siku ya kliniki. Unamlaza mtoto wa mwaka na nusu kwenye ubao, mama anamshika kichwa, mimi nanyoosha magoti, kibao kinasogezwa mpaka kiguse nyayo. Mashavu yamejaa, tumbo limeshiba, na urefu wake ni wa mtoto wa mwaka mmoja. Ghalani kuna mahindi. Kinachokosekana ni maharage, yai, dagaa, na mama mwenyewe, ambaye yuko shambani tangu alfajiri huku mtoto ameachiwa uji mwepesi.

Ongeza yatima. Njombe bado inaongoza nchini kwa VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa 2022 na 2023, na Iringa inafuata kwa 11.1. Watoto waliozika wazazi Makete na Ludewa miaka ya 90, kabla dawa hazijafika, leo ndio baba na mama. Ongeza mabinti wanaotolewa Iringa kwenda kufanya kazi za ndani Dar wakiwa hawajamaliza kukua, wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Na Songwe, ambako utafiti ule wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Binti ambaye bado anarefuka anagombania chakula na mtoto aliye tumboni mwake, na kama mtoto huyo ni wa kike, mayai yake yanatengenezwa katika ugomvi huo huo.

Naomba tuchangie kwa heshima. Ila hili nalisema mapema: hakuna kipimo duniani kinachoweza kumwonyesha mwanamke mmoja mmoja kwamba hashiki mimba kwa sababu bibi yake aliteseka. Anayekwambia hivyo anakudanganya.

Afisa_Mifugo_Uyole

Asante sana mkunga. Sisi wa mifugo jambo hili tunaliona kwa macho. Florida, Marekani, walichukua ng'ombe wa maziwa walio karibu kuzaa, wengine wakaachwa kwenye joto kali, wengine wakapozwa kwa feni na maji. Mitamba iliyozaliwa na mama waliopata joto ilitoa maziwa kidogo ilipoanza kukamuliwa, na hata wajukuu walionyesha upungufu.

Huku kwetu joto si tatizo, baridi ya Uyole mnaijua. Tatizo letu ni malisho ya Agosti hadi Oktoba. Ng'ombe ana mimba kubwa, analishwa mabua makavu tu, anazaa ndama dhaifu, halafu maziwa yote yanaenda kwenye ndoo ya kuuza. Ndama huyo akiwa mtamba huchelewa kuonyesha dalili za kutaka dume, maana balehe ya ng'ombe inafuata uzito zaidi ya umri. Mfugaji anampandisha mara ya kwanza, ya pili, hashiki, anakuja kulalamika kwamba mbegu ya uhimilishaji ni mbovu. Namwambia turudi kwenye banda la ndama.

Mnyalu_Kilolo

Kamwene dada mkunga. Mimi naona mnatia watu hofu. Bibi yangu kakulia njaa kweli kweli, kafiwa na mama akiwa ananyonya. Kazaa 9. Mama yangu kazaa 7. Tuko ukoo mzima hapa Kilolo. Hiyo sayansi imetupita wapi?

Mkunga_Rungwe

Kamwene kaka. Hoja yako ina uzito, na wanasayansi nao wameigonga. Wanawake wa Uholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa walifuatiliwa walipoanza kuzaa. Utafiti wa 1997 haukuona kwamba wamekosa watoto kuliko wengine, ila vifo vya watoto wachanga wao vilikuwa vingi zaidi. Utafiti mwingine wa 2008 ukakuta wamezaa watoto wengi kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo anayesema njaa ya mama ni lazima ilete ugumba kwa binti, hata ushahidi wa binadamu unamkatalia.

Panya amefungiwa, chakula chake kinapimwa, ndoa yake anapangiwa. Binadamu anahama, anaolewa penye neema, shangazi anamchukua, mvua inanyesha. Njaa na mateso ya nafsi pia havifanani: binti mwenye utapiamlo huchelewa kuvunja ungo, wakati msongo wa nyumbani, kama kukua bila baba, nchi za Magharibi umehusishwa na kuvunja ungo mapema. Vitu viwili vinavutana ndani ya mtoto mmoja. Bibi yako amezaa 9, na mimi nafurahi. Ningependa tu kujua wangapi walivuka miaka 5, maana kwa nyani wa Amboseli deni lilidaiwa hapo.

Kuna jambo la kwetu pia. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mazao na maghala kusini makusudi, njaa ikamaliza watu kuliko risasi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa ni 250,000 hadi 300,000. Miaka kama 30 baadaye uchunguzi uliofanyika Ulanga, ukivuka tu milima ya Udzungwa, ulikadiria kwamba uzazi wa wanawake walionusurika ulishuka kwa zaidi ya asilimia 25. Hao ni wanawake wenyewe walioshinda njaa, si binti zao. Ila ujue nchi hii imeshawahi kuona njaa ikiingia mpaka kwenye matumbo.

Mzee_wa_Masoko

Wanangu, nimesoma yote. Sisi tulipokuwa vijana, mwanamke mjamzito hakuletewa habari ya msiba ghafla, hakugombezwa mbele za watu, na nyumba ikiwa na kuku mmoja, wa kwake. Wazee hawakujua RNA. Mwiko ule ulikuwa kinga. Leo mjamzito anapigwa na jirani wanasema ni mambo ya ndani ya nyumba.

Lakini niulize. Mtu akikosa mtoto, ukoo ukakaa chini kutafuta aliyekosewa zamani, si ndilo jambo hilo hilo mnalosema?

Mkunga_Rungwe

Shikamoo mzee. Hapo mwanzo umesema jambo ambalo ningetamani libandikwe ukutani kila kliniki.

Kuhusu ukoo kukaa, mimi sipingi watu kukaa na kupatana, mtu akitoka pale amepumua. Ninachokipinga ni kikao kinachoisha kwa kumnyooshea kidole mke. Alama hizi za kikemikali si hukumu ya milele. Timu ile ile ya Zürich mwaka 2016 ilionyesha kwamba madume yaliyoteswa utotoni, yakiwekwa ukubwani kwenye makazi mazuri yenye nafasi, wenzao na vitu vya kuchezea, watoto wao hawakuonyesha tena tabia ile. Na kumbuka mbegu za mwanaume zinatengenezwa upya kila baada ya miezi michache. Ukiniuliza ukoo ukae kwa ajili ya nini, nitasema ukae upange nani anamchukua yatima, na mjamzito wa ukoo anakula nini Januari hadi Machi wakati ghala limeisha na mahindi mabichi bado. Gambia, kwenye vijiji vya Kiang Magharibi, watafiti wamekuta kwamba hata msimu ambao mimba imetungwa, wa mvua au wa kiangazi, unaacha alama tofauti kwenye jeni za mtoto, kwa sababu chakula cha mama hakifanani misimu hiyo.

Mwalimu_Mafinga

Nachangia kwa ufupi. Darasani kwangu kuna watoto wanafika asubuhi hawajanywa hata uji, na jioni wanaenda kubeba mbao. Wavulana hasa. Tukizungumza uzazi tunawaza wasichana tu. Kumbe na huyu wa kiume kuna kitu anakibeba.

Mkunga_Rungwe

Mwalimu, umenena. Kule Sweden, Överkalix, walifuatilia vitabu vya mavuno ya zamani na kukuta kwamba chakula alichopata babu mzaa baba kabla tu ya kubalehe, umri wa miaka 9 hadi 12, kilihusiana na umri ambao wajukuu wake wa kiume walikufa. Ni wale wale wa darasa lako. Wazazi wakichangia debe la mahindi na maharage mtoto akala mchana shuleni, hiyo nayo naihesabu kama huduma ya uzazi.

Binti_wa_Makete

Nimesoma nikalia. Mimi ni yule yule mnayemsema. Baba na mama walifariki nikiwa darasa la pili, bibi katulea wanne kwa viazi na kuuza ulanzi. Nina miaka 29, ndoa ina mwaka wa tatu, sijashika mimba. Nimekunywa dawa za miti, nimeombewa, nimepima vidonda vya tumbo, sijui hata vimeingiaje. Mume wangu anasema yeye hana tatizo kwa sababu aliwahi kumpa mtu mimba zamani. Je, ni yale ya utotoni? Niambie ukweli tu dada.

Mkunga_Rungwe

Mdogo wangu, pole, na pole kwa wazazi. Bibi aliyelea wanne kwa viazi ni ngao ambayo nyani wa Amboseli hawakuwa nayo.

Ukweli ni huu. Hata kama utoto wako uliacha alama, si hapo pa kuanzia kutafuta. Shirika la Afya Duniani lilieleza 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupitia ugumba wakati fulani, na wengi wao bibi zao hawakuona njaa. Afrika yetu hii sababu inayoongoza kwa wanawake ni mirija ya uzazi kuziba kutokana na maambukizi: kisonono, klamidia, maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Klamidia inaweza kukaa miaka bila maumivu. Na karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo liko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na mke. Kumpa mtu mimba miaka ile si kipimo. Mbegu za leo ni za leo.

Kwa umri wako ukishatafuta miezi 12 bila mafanikio unastahili uchunguzi, wewe umeshapitiliza. Dawa za miti ziache kwanza. Andika tarehe za hedhi za miezi iliyopita, zinasema mengi kuhusu kama yai linapevuka. Halafu kaka yetu aanze, kwa sababu kipimo cha mbegu ni cha bei ndogo kuliko picha ya mirija na hakina maumivu. Akae siku 2 hadi 7 bila tendo wala kujichua, achukue chombo safi cha maabara, asitumie kondomu wala sabuni wala mafuta, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa imekaa karibu na mwili isipoe. Kwa Makete hiyo saa moja ni ngumu, barabara mnaijua wenyewe, kwa hiyo aitoe hospitalini pale pale, waulize kama wana chumba.

Majibu yakiwa mabaya arudie baada ya miezi 3, maana homa kali au kazi ya joto ya majuzi huharibu kundi moja la mbegu, si yote ya maisha. Yakiwa mazuri, ndipo wewe uende picha ya mirija, siku chache baada ya hedhi kukauka. Akikataa kabisa, mwambie mpime wote wawili siku moja, wengi hukubali hivyo. Mkishapata karatasi ya majibu leta namba hapa, bila jina, nikusomee.